Barua ya wazi kwa wenye funguo za vinu vya nyutroni: msizime kabla hamjawasha

Wakuu, habari za majukumu.

Naandika kwenu nyie mnaokaa kwenye bodi za maabara za sayansi ya nyuklia na nyutroni, nyie wa wizara mnaopitisha bajeti zake, na nyie wakurugenzi mnaosaini ile karatasi ya mwisho inayosema kinu cha nyuklia cha utafiti kizimwe. Mimi sio mkubwa wa mahali popote. Ni mmoja wa wale wanaokuja na sampuli yao kwenye kiboksi, wanapewa siku chache mbele ya bimu, yaani mwale wa nyutroni, zile chembe ndogo za ndani ya kiini cha atomi tunazozitumia kuchungulia vitu, wanakesha, wanaondoka. Watu wa aina yangu huwa hatuitwi kwenye vikao vyenu ndo maana nimeamua kuandika hapa wazi, atakayesoma asome.

Ishu yangu ni moja tu. Mnazima vinu vya zamani kabla vipya havijaanza kufanya kazi, halafu hicho kipindi cha katikati mnakiita mpito.

Hebu tuhesabu pamoja. Machi 2018 Kanada walizima NRU pale Chalk River, kinu kilichokuwa kinafanya kazi tangu 1957. Mwishoni mwa mwaka huo huo JEEP II ya Kjeller, Norwei, ikasimama kwa ukaguzi na haikurudi tena. Oktoba 2019 ikawa zamu ya Orphée pale Saclay, Ufaransa, na Desemba 2019 Berlin wakazima BER II. Vinu vinne ndani ya miaka 2 kasoro! Na kila kimoja kilikuwa na sababu zake kwenye karatasi, umri, gharama, kutu, siasa, sawa, sibishani na sababu moja moja. Nabishana na mpangilio. Kwa sababu chanzo kipya kikubwa ambacho kila mtu alikuwa anakitaja kama jibu, ule mradi wa ESS wa nchi za Ulaya pale Lund, Uswidi, ujenzi ulianza 2014 na mpango wa mwanzo ulisema nyutroni za kwanza zitoke 2019. 2019 ikafika, Berlin wakazima kama walivyopanga, Lund hawakuwasha kama walivyopanga. Tarehe ya kuzima haichelewi hata siku moja, inayochelewa ni ya kuwasha, na hilo mnalijua kuliko mimi kwa sababu ratiba mnazo nyie.

Najua kuna atakayesema kwani eksirei hazitoshi, mitambo ya eksirei siku hizi ipo mingi na ina mwanga mkali kupita kiasi. Ni kweli ipo. Ila eksirei zinaona elektroni, na haidrojeni ina elektroni moja tu, ukiiweka karibu na atomi nzito kama ya risasi ni kama haipo. Nyutroni haina habari na elektroni hizo, yenyewe inaenda kugonga kiini, na kiini cha haidrojeni kinaitawanya kwa nguvu kuliko karibu kiini kingine chochote. Kwa hiyo maji ndani ya chuma, mafuta ndani ya injini inayozunguka, protini iliyojaa haidrojeni, hivyo vyote nyutroni inaviona. Ukibadilisha haidrojeni ya kawaida ukaweka ile nzito, diuteri, sehemu moja ya molekuli inawaka na nyingine inazimika machoni pa ditekta, kile kifaa kinachonasa nyutroni, ni ujanja ambao watu wa baiolojia na wa plastiki wanautumia kila siku. Betri ya lithiamu unaweza kuichunguza ikiwa inachajiwa, ikiwa mzima ndani ya ganda lake, ukaona lithiamu inahamia wapi. Reli ya treni au blade ya tabaini unaweza kupima ndani yake kuna mkazo kiasi gani bila kuikata. Hivi kitu gani kingine kinapita sentimita kadhaa za chuma halafu kinatoka upande wa pili kinakuelezea atomi zimekaa umbali gani?

Halafu kuna sumaku. Nyutroni haina chaji lakini yenyewe ni kisumaku kidogo, na hapo ndo ilipofungua mlango ambao hakuna mwingine aliyekuwa na ufunguo wake. Mwanafizikia Louis Néel alikuwa ameshasema kwamba kuna vitu ambavyo visumaku vyake vya ndani vinapishana, kimoja juu kingine chini, hadi jumla inakuwa sifuri na kwa nje huoni sumaku yoyote. Maneno mazuri, ila nani athibitishe? Clifford Shull na wenzake kwenye maabara ya Oak Ridge, Marekani, wakachukua oksidi ya manganizi wakaipiga nyutroni, vilele vya ziada kwenye grafu ya nyutroni zilizotawanyika vikatokea pale pale ambapo mpishano ule ungeviweka. Shull alianza kazi hiyo 1946 pamoja na Ernest Wollan, kwenye kinu kilichojengwa wakati wa vita kwa shughuli ya mabomu. Upande wa pili Bertram Brockhouse alikuwa Chalk River anapima atomi zinavyotikisika, kwanza kwenye kinu cha NRX baadaye kwenye NRU, ndio, NRU hiyo hiyo iliyozimwa 2018. Nobeli ya fizikia ikawafikia Shull na Brockhouse 1994, zaidi ya miaka 40 tangu kazi zile za mwanzo, na Wollan hakuiona, alifariki 1984.

Nawakumbusha haya kwa sababu ya jambo moja ambalo kwenye hotuba zenu huwa mnalipita. Kinu alichoanzia Shull kingekuwepo leo mngekiita kidogo, na kwenye karatasi yenu ya tathmini kingepigwa mstari. Hakikujengwa kwa ajili yake. Alichokuwa nacho ni muda wa kuchezea vifaa, kuvunja, kujenga upya, kukosea bila foleni ya watu 30 nyuma yake wanaosubiri zamu.

Hapo ndo nafika kwenye siku. Nyie mnapenda kuongea megawati, yaani nguvu ya mtambo. Kila uzinduzi ni megawati, hiki megawati 20, kile megawati 5 za bimu ya protoni. Sisi kwetu kinachotulisha ni siku ambazo bimu ipo na kuna mtu anayejua kuitumia. Nyutroni ni chache, ukilinganisha na eksirei za mitambo mikubwa ni chache mno, na haziongezeki kirahisi: kila urani inapopasuka inatoa nyutroni mbili na nusu hivi kwa wastani, moja lazima ibaki kuendeleza mnyororo, nyingine zinamezwa njiani, na joto linalotoka unatakiwa uliondoe haraka kwenye rundo dogo la fueli la sivyo kila kitu kinayeyuka. Ndo maana kinu cha taasisi ya ILL pale Grenoble, Ufaransa, kilichoanza 1971, chenye megawati 58 hivi, mpaka leo kipo kwenye safu ya mbele duniani, nusu karne na ushee na hakuna aliyekiacha mbali. Ile njia nyingine, ya kupiga protoni kwenye metali nzito, inatoa nyutroni 20 hadi 30 kwa kila protoni na joto lake kwa kila nyutroni ni dogo zaidi, mtambo wa SNS wa Oak Ridge unafanya hivyo kwenye zebaki tangu 2006, Lund wamechagua gurudumu la tungsteni linalozunguka. Ni mashine nzuri sana, sina neno baya juu yake. Ila hata na hizo, kipimo kimoja kinaweza kula usiku mzima, kingine siku tatu.

Kuna maswali yenyewe kabisa hayataki mashine ya kifahari, yanataka utulivu na siku nyingi mfululizo. Chukulia umri wa nyutroni yenyewe. Ikiwa nje ya kiini inaishi kama robo saa halafu inavunjika kuwa protoni, elektroni na antinyutrino. Wanaoifungia kwenye chupa wanapata sekunde 878 hivi, wanaoihesabu ikipita kwenye bimu wanapata 888 hivi, na tofauti hiyo ya sekunde 10 mpaka sasa haijapata maelezo yanayokubaliwa na wote. Namba hiyo inaingia kwenye hesabu za heliamu iliyotengenezwa dakika za mwanzo za ulimwengu, kwa hiyo sio mchezo. Sasa mtu wa kipimo cha hivyo anaomba bimu kwa miezi, akilini mwenu mnaona anazuia foleni, mnampa wiki mbili.

Na kuna watu. Niwape kitu kimoja nilichokiona kwa karibu, maabara siitaji. Saa nane usiku, tunabadilisha sampuli kwenda kwenye baridi kali, fundi wa zamu anafunga kopo la alumini. Kwenye ukingo wake anazungusha waya mwembamba wa indiamu, metali laini, akikaza skrubu ule waya unasambaa kama siagi na kuziba kabisa ili gesi ya heliamu isitoke humo ndani, maana ndio inayopeleka baridi kwenye sampuli yetu ya unga. Anakaza skrubu kwa kuruka, ya upande huu halafu ya upande wa pili, haendi mzunguko. Kisha anachukua karatasi ya kadimiamu, metali ya kuzuia nyutroni, na mkasi, amevaa glavu maana ile ni sumu, anakata kipande cha kufunika ule ukingo kwa sababu indiamu inameza nyutroni vibaya na ikishameza inakuwa na mionzi. Akaangalia tena, akapunguza kile kipande kwa milimita kadhaa. Kwa nini? Kwa sababu kadimiamu nayo ikimeza nyutroni inatema mionzi ya gama, na ditekta ya kifaa kile iko karibu hapo, ukiweka nyingi unanunua kelele. Tulipomaliza akapima kopo kwa kihesabio cha mionzi, akaandika namba na saa kwenye kipande cha tepu, akalisukuma nyuma ya matofali ya risasi akasema indiamu inapungua nusu kila dakika 54, njooni baada ya chakula cha mchana, hiyo alumini itakuwa imeshanyamaza zamani. Alikuwa sahihi.

Sasa huyo mtu alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wakubwa wake walikuwa wameanza kuongea habari za kufunga, hakuna aliyemwambia lolote la maana, akaondoka akaenda kiwandani kutengeneza mashine za hospitali, na nani amlaumu? Ile milimita ya kadimiamu ikaondoka naye. Haiko kwenye mwongozo wowote, najua kwa sababu aliyekuja baada yake alipewa mwongozo.

Mnadhani natia chumvi? Tuangalie NIST, taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, yenye kinu cha megawati 20. Januari 2021 walibadilisha fueli, elementi moja kati ya 30 haikushika vizuri kwenye kitasa chake. Tarehe 3 Februari wakawasha, ile elementi ikainuka, maji hayakuipoza inavyotakiwa, sehemu yake ikayeyuka. Kinu kilikaa kimya zaidi ya miaka 2, kikaruhusiwa kurudi Machi 2023. Na uchunguzi ulipofanyika hawakusema tatizo ni megawati wala uzee wa zege, walitaja mafunzo ya waendeshaji yasiyotosha, taratibu zilizoandikwa ambazo hazikubeba hatua zote zinazohitajika, usimamizi uliolegea, na mazoea. Yaani ujuzi wa mikono ya watu wa zamani ulikuwa kichwani mwao, haukuwa kwenye karatasi wala haukurithishwa. Kitasa kimoja, miaka 2 ya sayansi ya maelfu ya watu. Nawapa heshima walioandika ripoti zile wazi bila kuficha, wengi wetu tumejifunza kutoka hapo, nyie je?

Kuhusu dawa sitakaa sana kwa sababu imeshasemwa mno. Molibdenamu-99, ile atomi ya mionzi inayotengenezwa kwenye vinu hivi hivi, inapungua nusu kila masaa 66, huwezi kuiweka stoo, na hospitali zinaitegemea kupata ile teknetiamu ya kupiga picha za moyo na mifupa. Mei 2009 NRU ikavuja maji mazito, yaani maji yenye diuteri, ikasimama hadi Agosti 2010, na katikati ya hapo, Februari 2010, kinu cha Petten, Uholanzi, nacho kikaenda matengenezo. Viwili kati ya wazalishaji wakubwa chini kwa wakati mmoja, wagonjwa wakaahirishiwa vipimo. Somo lilikuwa wazi kabisa, msiegemee vinu vichache vilivyozeeka pamoja, na bado kwenye nyutroni za utafiti tunaelekea huko huko kwa hiari yetu.

Sasa upande wa pili, maana sitaki mseme naongea kama shabiki. Kinu cha utafiti sio kifaa cha kuachwa kiendelee milele. Kuna vilivyochoka, na kutu kwenye vali ya usalama haiongei siasa. Kuna vilivyokuwa vinatumia urani iliyorutubishwa sana, aina ambayo dunia haitaki izagae, na kuna waliohama, SAFARI-1 ya Afrika Kusini ilihamia fueli yenye urutubisho mdogo 2009, kile kidogo cha Ghana chenye kilowati 30 kikahama 2017, na vyote vikaendelea na kazi. Na kuna uaminifu. Kwenye maabara ya Brookhaven, Marekani, 1997 iligundulika bwawa la fueli iliyotumika linavujisha tritiamu, haidrojeni yenye mionzi, kwenye maji ya chini ya ardhi, majirani wakakasirika, kinu cha HFBR kilikuwa kimesimama wakati huo na 1999 kikatangazwa hakitarudi. Kiwango cha tritiamu kwa afya ya watu wa nje kilikuwa kitu kimoja, ila majirani kuhisi hawaangaliwi kilikuwa kitu kingine, na hicho cha pili ndicho kilichoua kinu. Kwa hiyo mkizima kwa sababu za usalama, mimi nipo pamoja na nyie, zimeni hata leo usiku. Ninachokataa ni kuzima kwa ratiba ya mhasibu.

Na msiniambie haiwezekani kupishanisha, kwa sababu Australia walifanya. Kinu chao cha HIFAR cha tangu 1958 walikizima Januari 2007, wakati kipya chao, OPAL, kilikuwa kimeshawaka tangu Agosti 2006. Watu wakahama wakiwa na vinu viwili mkononi. Na angalieni kilichofuata, maana hapa ndo utamu wa mfano wenyewe: Julai 2007 OPAL ikasimama, sahani za fueli zilikuwa zimelegea, ikarudi Mei 2008. Yaani hata waliopishanisha miezi kadhaa, kipya kiliwagomea karibu mwaka mzima. Kinu kipya kina utoto wake, kinaumwa umwa, ndio kawaida ya mashine ya aina hiyo. Sasa nyie ambao hamjapishanisha hata siku moja mnategemea nini hasa?

Ninachoomba basi. Kila tangazo la kuzima liambatane na jina la chanzo kitakachobeba zile siku, na hicho chanzo kiwe kimeshatoa bimu kwa watumiaji kwa angalau mwaka mzima, sio kiko kwenye slaidi. Kama fedha hazitoshi kukiendesha cha zamani kwa nguvu zote kiendesheni kwa mizunguko michache, hata miwili kwa mwaka, kwa ajili ya kufundishia na kujaribia vifaa, kwa sababu mwanafunzi wa uzamivu hawezi kujifunza kufunga kopo kwenye mashine ya mabilioni ambayo kila saa yake imeombwa na watu watatu. Vile vyanzo vidogo vya kiongeza kasi, mashine ya kukimbiza chembe, vinavyojadiliwa siku hizi navyo vipeni nafasi, havitafika nguvu za Grenoble wala Lund lakini vitatoa siku, na siku ndo tunazolilia. Mafundi wa vinu vinavyofungwa wapewe mikataba ya kuhamia kwenye kipya pamoja na vifaa vyao, kabla hawajaanza kuangalia matangazo ya kazi, na walipwe muda wa kukaa na vijana na kuandika wanayoyajua, muda wa kazini kabisa, sio jioni wakishachoka. Vifaa vyenyewe vinavyobomolewa, mabomba yenye vioo ya kupitishia nyutroni, ditekta za heliamu-3, visikae kwenye makontena, heliamu-3 hiyo inatoka kwenye tritiamu inayooza na tulishaona upungufu wake mwishoni mwa miaka ya 2000, sio kitu cha kusahau stoo.

Na kwenye ripoti zenu za mwaka acheni kutuwekea megawati kwenye ukurasa wa kwanza. Wekeni siku zilizoahidiwa, siku zilizotolewa, siku zilizopotea na zimepotea kwa nini, pampu, fueli, mtu hayupo, andikeni tu. Wekeni pia mafundi na wanasayansi wa vifaa wangapi wameondoka mwaka huo na wangapi wamerithi kazi zao. Baadhi ya maabara wanaandika hizo siku vizuri sana, kwa hiyo haiwezi kuwa siri ya taifa.

Mwisho, kikao kijacho cha bodi mkikipanga ongezeni viti viwili, kimoja cha mtumiaji na kimoja cha fundi wa zamu, wenye kura, sio wa kualikwa chai. Mimi sihitaji kuwa huyo mtumiaji, wapo wanaojua kuongea kuliko mimi. Ila huyo fundi msimtafute kwenye orodha ya wakuu wa idara, nendeni kwenye ukumbi wa vifaa usiku mkamchague aliyeko zamu.

Wenu,
mtumiaji wa bimu